Jumamosi ya Kumzika Obiero

—Wewe ni nani wa Walter?

Mwanamke aliyefungua mlango pale Nyamasaria mjini alikuwa na mimba kubwa, leso ikimfunga kwa shida. Seline alikuwa amekuja mbio kutoka kijijini Kisian na habari njema. Sasa aliificha.

—Mimi ni mtu wa kwao nyumbani. Naleta ujumbe wa baba yake.

—Basi karibu ndani. Mimi ni Mumbi, mke wake.

Seline aliketi na kupokea chai asiyoinywa. Miaka mitano ya kumngoja Walter, mchumba wake! Tangu 1986, ziwa lilipommeza Obiero, kaka mkubwa wa Walter, bila kumrudisha. Kwao mdogo haoi kabla ya mkubwa, na aliyepotea majini hahesabiwi marehemu mpaka lizikwe tunda refu la mti wa yago badala ya mwili wake. Mzee Nashon, baba yao, mlokole wa kweli, alikataa kuzika tunda. Mwanawe angerudi, wamngoje Bwana. Kila Jumapili Seline alipiga magoti kando ya mzee wakaomba pamoja, huku wenzake wakimcheka kwamba ameposwa na maji. Jana, ghafla, mzee alikuwa amekubali. Jumamosi tunda lizikwe, na Walter amwoe Seline wake.

Walter aliporudi kula chakula cha mchana, alimwona akabaki na mguu mmoja nje.

—Baba yako amekubali, Seline alimwambia. Obiero anazikwa Jumamosi.

—Seline, mimi ni binadamu. Ningengoja mpaka lini?

—Kwangu ulihitaji kibali cha Obiero. Kwa huyu ulimwomba nani?

Walter aliinamisha kichwa, akanung'unika kwamba mambo ya mjini ni mengine.

—Obiero ni nani? Mumbi aliuliza taratibu.

Hapo ndipo Seline alipochomwa kweli. Mke wa ndani, mwenye mtoto tumboni, hakuwahi hata kulisikia jina hilo.

—Kumbe ulishamzika zamani, Walter. Tena bila tunda.

Aliondoka. Walter hakumfuata.

Jumamosi walilizika lile tunda katika shuka nyeupe. Walter hakufika. Watu walipotawanyika, Mzee Nashon alibaki kaburini, na Seline kando yake.

—Nimekumalizia ujana, nyar wa, binti yetu. Nilikwambia tungoje, tazama ulichopata.

—Nilianza nikimngoja Walter, baba. Sijui ni Jumapili gani nilimsahau, nikawa namngoja Mungu tu.

—Na huyo Mungu amekuja?

Seline alitazama udongo mbichi. Alikuwa na miaka thelathini, hana mume, hana mtoto, na uongo hakuutaka hapo.

—Bado, baba.

Mzee alitikisa kichwa, machozi yakimtoka.

—Hata kwangu bado.

—Kesho ni Jumapili, Seline alisema. Nitakuja tuombe.