Noti ya Arlene

Jumapili asubuhi jikoni kulinukia marashi ya yungiyungi, na Loretta hakuwa na marashi.

Harufu ilitoka kwenye albamu ya mumewe Wendell, tarishi mstaafu wa posta katika mji mdogo wa Pennsylvania. Alikusanya noti za dola mbili, ambazo wengi huko husema zina nuksi. Kipenzi chake kilikuwa ile iliyotolewa nchi ilipotimiza miaka mia mbili ya uhuru, iliyobandikwa stempu na kugongwa muhuri wa posta siku ya kwanza, Aprili 1976. Kwenye foleni ya muhuri huo ndipo alipokutana na Arlene, mkewe wa kwanza, sasa marehemu.

"Unaipapasa kama shavu la mtu," Loretta alisema.

"Karatasi tu hii, mpenzi."

"Karatasi gani? Sema Arlene!"

Wivu ukamla maini. Kesho yake, Wendell alipotoka, Loretta aliichomoa noti akaenda kununua nayo mkate dukani. Muuzaji aliigeuzageuza. "Mama, hii bado inatumika?"

"Pesa ni pesa. Chukua!"

Aliporudi, noti ile ile ilikuwa tena ndani ya albamu, na wino wa muhuri ulikuwa mbichi, ukamchafua kidole.

Akaitupa jikoni motoni. Ikaungua taratibu, na moshi wake ukanukia yungiyungi, kisha kiti cha mezani kikajivuta chenyewe, na mtu asiyeonekana akakaa akashusha pumzi, na Loretta akasikia pumzi hiyo ikisogea nyuma ya shingo yake, ikatulia hapo, baridi kama ya friji iliyoachwa wazi.

Alikimbilia kwa Bi Kreider, ajuzi anayetibu kwa aya za Biblia, akaja naye. Ajuzi alinusa hewa, akanong'ona, "Ulimchoma?"

"Niliichoma noti, bibi."

"Miaka yote alikaa humo, hamdhuru mtu. Wewe umemvunjia nyumba, binti yangu. Sasa anatafuta pa kuhamia."

"Mfukuze basi!"

Bi Kreider alisoma aya tatu. Katikati ya aya ya nne akakatiza, akamtazama Loretta usoni, akaokota mkoba wake, akatoka kinyumenyume.

Wendell aliingia akimpisha mlangoni. Akasimama ghafla. Kofia ikamponyoka mkononi.

"Arlene?"

Loretta alitaka kupiga kelele kwamba ni yeye, mkewe, aliye hai. Mdomo wake ukafunguka, ukajibu kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia:

"Nipo, Wendell. Yule mwanamke ameondoka."