Ersilia na Wimbo wa Kofiani

Kila asubuhi, kabla hajagusa kifungua kinywa, Ersilia alisimama dirishani akapuliza filimbi yake ya mbao, sauti moja ndefu mpaka pumzi imwishie. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mji mzima wa Cremona ulimjua. Ulimjua na kumsema. Wanaume wa mkahawani walishikilia kwamba nyimbo anazopiga hakuzitunga yeye. Msichana atoe wapi akili hiyo? Eti mjomba wake, Oreste, ndiye anayemtungia. Maneno hayo yalimchoma moyo.

Ndiyo maana alifurahi onyesho lilipotangazwa. Desturi ilikuwa wasikilizaji waandike nyimbo kwenye vikaratasi na kuvitia kofiani. Mpigaji huchomoa kimoja, kisha huugeuza wimbo huo kwa namna mbalimbali, akitunga papo hapo mbele ya watu. Basi siku hiyo wangejionea wenyewe.

Lakini siku ya onyesho, nyuma ya pazia, Mjomba Oreste alimnong'oneza achomoe kikaratasi kilichokunjwa pembe. Ndani yake mlikuwa na wimbo aliomfanyisha mazoezi wiki nzima.

“Mjomba, huo si uongo?”

“Wote hufanya hivyo, we mtoto. Usiniaibishe.”

Jukwaani mjomba alimshikia kofia, kikaratasi kile akakisukuma juu. Ersilia alikichukua, akakiinua watu wote wakione.

“Huu nimeufanyia mazoezi wiki nzima,” alisema. “Nipeni mwingine, na mnipe kwa midomo yenu.”

Mmoja wa wale wa mkahawani, akitaka kumkomoa, alipiga mluzi wimbo wa wauza samaki, mfupi na mkavu. Watu walicheka.

Ersilia aliupiga ulivyo, kisha akaanza kuugeuza. Akapotea katikati ya wimbo. Kicheko kilizidi. Alimkazia macho yule wa mluzi, akaanza upya, safari hii polepole, halafu kwa kasi, vidole vikikimbizana, mpaka hakuna aliyecheka tena. Mwisho walisimama kumpigia makofi, hata yule mchokozi.

Mjomba Oreste alinuna. Mwalimu wa filimbi wa msichana, mzee Taddeo, yeye alimshika Ersilia bega.

“Umekosea leo, nimesikia,” alisema. “Ungepiga ule wa kofiani usingekosea hata kidogo, na wale wanaokusema wangekuwa wamesema kweli. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Leo umepiga wako, pamoja na kosa lako, na hakuna wa kukunyang'anya.”