Nilimpa Vidole Vyangu, Akaondoka na Wimbo wa Mama

Nina umri wa miaka thelathini, ni msusi hapa Lodwar, na naishi peke yangu. Jina langu ni Akiru. Naandika haya nikijua baadhi yenu mtacheka, maana mwanamke wa Turkana anayelilia gitaa ni kichekesho kweli! Chekeni tu. Mkimaliza, nisikilizeni.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa malori ya chakula cha msaada, njia ya Kitale hadi Lokichoggio. Nilipokuwa msichana, alirudi kutoka safari moja na zawadi aliyopewa na mpishi wa hoteli huko Loki: gitaa lililopasuka ubavuni, pamoja na kanda ya muziki isiyo na jalada. Juu ya kanda mtu alikuwa ameandika jina moja tu kwa kalamu... Prosper.

Sijui niwaelezeje kanda ile. Baadaye nilikuja kujua kwamba Prosper ni Mkongo wa Bukavu, na kwamba aliirekodi akiwa kijana, akipiga na bendi ya hoteli moja Nairobi. Wanaojua muziki husema ni jazi iliyochanganywa na roki na rumba. Mimi sikujua jina lolote la muziki huo. Nilisikia tu gitaa likianza pole pole, kama mtu anayepiga hodi, halafu ghafla limekimbia! Vidole vinapanda, vinashuka, vinagusa sauti ambayo unaona wazi kwamba hapo amekosea... kumbe hajakosea! Anaizunguka, anairudia, mpaka wewe mwenyewe unaikubali.

Mapigo yenyewe hayakwenda kama ya nyimbo za kanisani. Ukijaribu kupiga makofi, unajikuta umeachwa. Na katikati ya mbio zote hizo, alikuwa ananyamaza. Gitaa kimya, ngoma peke yake, halafu anarudi na sauti moja tu, ndefu, tamu! Kijana yule aliutoa wapi ujasiri wa kunyamaza? Nilikuwa naganda na ndoo ya maji mkononi, mama akinigombeza.

Nilijifunza kila kitu kutoka kwenye kanda hiyo. Betri zilikuwa taabu kupatikana, kwa hiyo tulizianika juani zipate nguvu kidogo. Redio ilivuta kanda kwa uchovu, muziki ukatoka mzito na wa chini, na mimi nikalegeza nyuzi za gitaa langu ili zifanane na nilichosikia. Sikujua kwamba ni betri! Nilidhani Prosper ndivyo alivyo. Nikakua hivyo, nyuzi zimelegea, vidole vinakimbia.

Nilipoujua mkono wake sawasawa, nilitunga kitu changu mwenyewe. Mama yangu anaishi Lorugum na mbuzi wake. Wakati wa kiangazi wanawake wa kule huchimba visima kwenye mchanga wa mto uliokauka, vikiwa virefu hata mtu anazama. Wanasimama ndani, mmoja juu ya mwingine, wanapokezana ndoo mpaka maji yafike kwa mbuzi, na huku wanaimba. Mama ana wimbo wake wa kisimani, aliouanzisha mwenyewe akiwa mwari. Una mwendo wa kuchechemea, kwa sababu aliye chini kabisa lazima ainame kabla ya kuteka tena, na wimbo unamsubiri.

Nikauweka wimbo huo kwenye gitaa. Jamani, uliingia kwenye mapigo ya Prosper kana kwamba walipanga! Lakini niliupiga saluni tu, mlango umefungwa, wateja wameondoka. Kanisani nilipiga nyimbo za kanisani. Niliona haya. Nilijiambia kwamba siku moja, ukikomaa, nitaupeleka Lorugum mama ausikie...

Mwaka wa 2012 mteja mmoja Mkongo kutoka Kakuma alikuja kusukwa, kanda ikiwa inacheza. Akageuka hata rasta ikanichomoka mkononi. Akasema mzee anayepiga gitaa hilo anamfahamu, yuko kule kambini kwa wakimbizi, wanasali naye.

Prosper! Yuko Kakuma! Miaka yote hiyo nilidhani ni mtu wa mbali, pengine amekufa, kumbe tunapigwa na vumbi moja. Wiki hiyo hiyo nilipanda pikapu na gitaa langu.

Nilimkuta mzee wa miaka kama hamsini na tano, mrefu, shati limepigwa pasi, mkono wa kushoto ameuficha mfukoni. Vita vilimwachia vidole visivyokunjika. Hakuwa amepiga gitaa tangu alipokimbia kwao. Nikamwomba ruhusa, nikampigia kipande chake cha ujana, kile cha mbio na kimya. Akainamisha kichwa. Nilipomaliza alikuwa analia, na hapo hapo akaanza kucheka.

"Mama, weye ulijifunza na betri za kufa!" akaniambia. "Miye sikupigaga chini namna hii. Lakini mikono... mikono njo ya kwangu, ya zamani."

Mikono ya kwake. Niliisikia kama sifa! Nikarudi Lodwar nikiwa kama nimelewa.

Baada ya hapo nilikwenda Kakuma kila nilipoweza, na mwisho nikahama kabisa. Nikafungua saluni ndogo pale mjini, nje ya kambi. Prosper alinifundisha mambo ambayo kanda isingeweza kunifundisha, kwa maneno tu na kwa mkono mmoja. Tukapendana. Au mimi nilipenda, sijui. Hadi leo najiuliza, nilimpenda mtu au niliipenda kanda?

Aliahidi kutuma wazee kwa mama kuzungumza mahari. Mama hakufurahi. Alisema mwanamume asiyeleta hata mbuzi mmoja nyumbani ni mgeni, hata akilala kwako. Nilimjibu kwamba Prosper ni mkimbizi, hawezi kutoka kambini bila kibali. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku hizo.

Nikampigia wimbo wa mama. Alikuwa mtu wa kwanza kuusikia kwenye gitaa. Akasema lazima tuurekodi pamoja na vingine nilivyotunga, tutoe albamu yenye majina yetu mawili. Nilishauri twende kwa vijana wenye kompyuta. Akakataa katakata. Kompyuta haina roho, alisema. Akatafuta redio kuukuu ya kurekodia, na kanda kuukuu, nami nikapiga chumbani kwake, pazia limeshushwa, joto la kukausha samaki. Nilifurahi mno kupiga kwa njia ile ile ya ujana wake. Hivi kweli sikuona?

Kanda zikaenda Nairobi kwa rafiki yake wa zamani. Tukasubiri.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja nilikuwa namsuka mama mmoja Msomali, redio imewashwa. Mtangazaji akasema kwamba zimepatikana rekodi zilizopotea za Prosper, mpiga gitaa mahiri, alizozifanya alipokuwa kijana. Moyo wangu ukaruka kwa furaha! Nikapandisha sauti.

Ukatoka wimbo wa mama yangu.

Ndiyo. Kisima, ndoo, kuinama, vyote. Vidole vyangu! Nikasimama na nywele za mtu mkononi. Mtangazaji akaendelea kueleza kwa madaha kwamba sauti ni nzito na ya chini kwa sababu kanda zimezeeka, na hiyo ndiyo dalili kwamba ni za kweli. Nyuzi zangu zilizolegea! Ujinga wangu wa betri ndio uliokuwa ushahidi wake! Yule mama akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nikaziachia nywele zake, nikatoka.

Nilikwenda kambini nikikimbia. Prosper hakukana. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, yeye akanipa ukweli. Akasema rafiki yake ndiye aliyedhani ni rekodi za zamani, naye akashindwa kumsahihisha. Sasa kuna watu Ulaya wanataka kumchukua, wamtibu mkono, aishi kama mtu.

"Dada Akiru," akasema, "kama weye ungetoa huu wimbo, nani angeusikiya? Mwanamuke wa saluni, hapa Kakuma? Miye nimeufikisha mbali. Nikisha kufika, nitakuita, nitasema ukweli yote."

Nilipaswa kumpiga na gitaa. Badala yake nilimhurumia. Nilitazama vidole vile vilivyokauka, nikakumbuka vilivyokuwa vikikimbia kwenye kanda ya baba, nikasema moyoni, kama kuna mtu anayestahili kutoka hapa, ni huyu. Na tena, nikimuumbua, nitabaki na nini? Mahari hakuna, ndoa hakuna, na mji mzima unajua naingia na kutoka kwake. Mtego ulikuwa umenibana pande zote, na sehemu ya huo mtego niliisuka mwenyewe.

Lililofuata ndilo lililofunga mlango kabisa. Wale watu wa Ulaya walikuja na kamera, ikafanyika sherehe kwenye uwanja wa kambi. Wasomali, Wasudani, Wakongo, Waturkana, watu wamejaa hadi juu ya ukuta! Prosper aliniomba nipige wimbo ule jukwaani, kwa kuwa yeye mkono hauwezi. Aliapa kwamba nikimaliza atashika kipaza sauti aseme nani aliyeutunga.

Nilipiga, jamani. Sijawahi kupiga vile maishani! Nilipofika pale pa kuinama nilinyamaza, uwanja mzima ukanyamaza nami, nikarudi na sauti moja ndefu. Vijana wakapiga mayowe, "Madam ameua!"

Prosper akashika kipaza sauti. Akanikumbatia. Akasema, "Huyu ni mwanafunzi wangu. Amenijifunza mpaka amenimaliza." Watu wakashangilia. Kisha akanisogezea kipaza sauti na kuninong'oneza nisiharibu safari, safari ni yetu sote wawili.

Kamera ilikuwa inaniangalia. Mdomo wangu ukafunguka, nikasikia mtu akisema kwa sauti yangu, "Namshukuru mwalimu wangu kwa kunifundisha wimbo huu."

Ni mimi! Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu!

Aliondoka kwa ndege kutoka uwanja wa Kakuma. Mwanzoni alipiga simu, akasema nivumilie. Baadaye simu ikawa haipatikani. Kuhusu wazee wa mahari, hata sikuuliza tena.

Nilipoona ameniacha kweli, nilianza kusema. Nilipiga simu redioni. Kijana aliyepokea akanisikiliza kwa heshima, halafu akaniuliza, "Lakini wewe si ndiye yule mwanafunzi wake?" Nilipowaeleza wanakwaya wa kanisa ninapopiga gitaa, mmoja akatoa simu na kunionyesha video yangu mwenyewe, nikimshukuru mwalimu. Nikachukua gitaa niwathibitishie. Nikapiga kingine, kipya, ambacho Prosper hakuwahi kukisikia. Wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Wakasema, "Hiyo nayo ni ya Prosper? Unamuiga sana huyo mzee!"

Mnaelewa? Nilimpenda mno kiasi kwamba sina mkono mwingine. Kila nikitunga, kinatoka na uso wake. Nikipiga ni mwigaji, nisipopiga nakufa. Niende wapi?

Nikafunga saluni ya Kakuma, nikarudi Lodwar, na mwishowe nikaenda Lorugum kumweleza mama. Niliogopa atasema, "Nilikuambia!" Hakusema. "Ejok," alinisalimu, akanipa kibuyu cha maziwa. Nikamweleza yote, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba wimbo si mbuzi, mtu hawezi kuuswaga ukaondoka. Wake bado uko kisimani, twende nikausikie.

Tulishuka mtoni pamoja. Mama amezeeka, siku hizi haingii tena chini, anasimama juu na kupokea ndoo ya mwisho. Akaanzisha wimbo wake. Nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya redio.

Kule chini kisimani wasichana waliohamia kwetu kiangazi hicho wakaanza kucheka. Mmoja akainua uso na kumwambia mama kwa furaha, bila ubaya wowote, kwamba hata yeye, na uzee wake, ameshajifunza ule wimbo wa redioni!

Mama aliuacha wimbo katikati. Alipokea ndoo, akawamwagia mbuzi maji, akapokea nyingine. Hakuuimba tena siku hiyo. Nimekwenda mara nyingi tangu wakati huo, na bado hajauimba.

Mimi ningeweza kuusamehe wizi wa jina langu. Lakini ule ulikuwa wimbo wa mama, na mimi ndiye niliyeutoa kisimani nikampelekea mgeni kabla hata mwenyewe hajausikia.

Kanda ya baba ningali nayo. Mnataka niseme nimeitupa? Sijaitupa. Naisikiliza, na kijana yule bado anakimbia, bado ananyamaza, bado mwili unanisisimka. Alikuwa fundi. Hilo siwezi kumnyima, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nawasihi ninyi wenye vipaji, hasa dada zangu mnaopigia nyimbo zenu vyumbani, milango imefungwa. Penda kazi ya mtu upendavyo, jifunze kwake, lia kwa ajili yake, lakini usimkopeshe kinywa chako. Na kitu ulichokitoa kwa mama yako, kabla hujampelekea bingwa yeyote akusifu, kirudishe kwanza nyumbani, ukipige hadharani, watu wako wakisikie. Msingoje kikomae. Mimi nilingoja, na sasa kule Lorugum ndoo zinapanda na kushuka, na mama yangu amekaa kimya.