Mapigo Mawili Nyuma ya Basi

Basi lilikuwa limezimwa tangu jana, na bado kuna mtu aliyegonga bodi kwa nyuma mara mbili.

Khavere, aliyekuwa humo ndani, aliacha kufunga kabati. "Patrobas, umesikia?"

"Ni watoto wa mtaa huu wa Komarock hao," mumewe akasema bila kumwangalia.

Watoto gani, asubuhi mapema hivi, ndani ya ua uliofungwa kwa kufuli? Lakini Patrobas alikuwa na haraka zake. Mwanamume mzima, miaka kumi na miwili ya ndoa, hajajenga kwao Kakamega, na kwao mke haruhusiwi kulala chini ya paa moja na baba mkwe. Kila Desemba ndugu zake humcheka. Mwaka huu akaona amewaweza: akanunua basi kuukuu lililogeuzwa nyumba, lenye kitanda na jiko la gesi, aliegeshe uani kwa baba yake walale humo.

Tangu siku ya kwanza basi lilinuka mafuta ya nywele ya mwanamke mwingine. Khavere alisugua mpaka mikono ikachubuka, na kila jioni harufu ilirudi. Juzi leso yake ya manjano ilipotea. Alipouliza, akaambiwa ana wivu.

Sasa walikuwa wanatoka kinyumenyume, Patrobas kwenye usukani. Dereva wa basi kubwa vile haoni vizuri nyuma, kwa hivyo walikubaliana mapema: Khavere aelekeze, pigo moja ni simama, mawili ni rudi. Na juu ya yote, Khavere alisisitiza, usipouona uso wangu kwenye kioo, usisogeze hata tairi.

Aligonga mara moja. Basi likasimama. Akaligeuzia mgongo ili afungue kufuli ya geti, na hapo akasikia mapigo mawili, karibu kabisa na sikio lake, na ile harufu ya mafuta ikamjaa kooni, na kabla hajageuka chuma kilikuwa kishamgusa mabega, kikamsukuma polepole, kikamkandamiza kwenye geti mpaka vifungo vya sweta vikakatika na sauti ikagoma kutoka, naye akabaki kupiga bodi kwa kiganja, moja, moja, moja.

Basi likasogea mbele. Patrobas akashuka mbio.

"Umegonga mara mbili," alisema.

"Uso wangu uliuona?"

Patrobas akaangalia bodi ya nyuma.

"Nimekuuliza."

"Aliyeniuzia," akasema kwa sauti ya chini, "mkewe alifia hapo nyuma. Alikuwa anamwelekeza arudi."

"Ulijua. Ukaniweka nisimame hapo hapo."

"Pasta Shiundu aliliombea, mama."

"Aliliombea gari. Mimi nani aliniombea?" Hofu ilimtoka Khavere, ikabaki hasira. Huyu alikuwa tayari azike mke kuliko achekwe na ndugu zake. "Lete ufunguo. Nenda ufungue geti wewe."

Akapanda. Kila siku huendesha gari la mikate kule Umoja, basi halikumshinda. Akawasha, akatia rivasi, akakanyaga breki, akatazama kioo.

Patrobas alikuwa ameinamia kufuli. Mapigo mawili yakasikika. Khavere hakusogea. Kisha akaiona leso yake ya manjano, imefungwa kiunoni mwa mwanamke aliyesimama nyuma ya mumewe, mkono mmoja begani mwake, mwingine unamwita Khavere: rudi, rudi.

"Patrobas," akaita kwa dirisha, taratibu, "toka hapo. Usimguse huyo aliyekushika."

Patrobas akacheka kidogo, bado ameinama, kama mtu aliyesamehewa. "Si ni wewe umenishika?"

Mapigo mawili tena. Khavere akautazama mguu wake mwenyewe. Kwa ile hasira yote, ulikuwa umeshaanza kuachia breki.