Siku ya Thelathini na Mbili

Usiseme hukujua. Daraja la kuning'inia la Kharkhola lilipokatika uliiona picha kwenye simu yako, ukaguna, ukaendelea kutafuta matokeo ya kriketi. Miaka kumi na minane nyuma lilikatika la Okhle, mlinzi akafungwa, wakubwa wakapandishwa vyeo. Uliguna vilevile. Sisi tunakumbuka.

Lilikatika Saun mosi, siku ya kwanza ya mwezi wetu wa nne, asubuhi, waya mkuu wa upande wa juu. Watu tisa walikuwa katikati wakienda kwenye sikukuu ya mwezi mpya, na mto ulikuwa umejaa mvua. Mchana ule ule polisi walimkamata mlinzi, Tilbikram Rokaya, akiwa bado majini anatafuta maiti. Kosa lake: hakutoa taarifa kwamba waya umechakaa. Ofisi ya madaraja ya wilaya ilitoa jedwali lake la kompyuta. Kila daraja, kila siku, na mbele ya Kharkhola neno moja tu: Salama. Tume ya mabwana kumi na mmoja ililichapa kwenye karatasi, ikalisoma, ikanywa chai.

Hukumu ilipangwa Ijumaa. Jumatano, Inspekta Rijana Hyoju alikwenda gerezani.

"Ulipiga simu lini?"

"Siku ya mwisho ya Asar, dada, mkesha wa Saun. Nilikuwa nimeshapiga mara mbili kabla. Siku hiyo nikasema nyuzi zinakatika, fungeni."

"Nani alipokea?"

"Yule binti, Bishnumaya. Akasema anaandika."

"Mbona hukulifunga mwenyewe?"

"Kufuli ni yao, ufunguo wao. Asubuhi nilisimama langoni nimetandaza mikono. Wakanicheka. Wakaniambia, mzee, pombe ya raksi ya jana haijakutoka." Akatazama magoti yake. "Mimi sinywi."

Saa tano Rijana alikuwa ofisini kwa Bishnumaya Limbu, karani. Nywila ya jedwali walikuwa nayo watu wawili: yeye na mkuu wake.

"Mzee anasema ulipokea simu yake. Hapa hakuna."

"Niliandika."

"Basi imeliwa na panya?"

"Panya wetu wanavaa tai." Hakucheka. "Saun pili nilihamishiwa stoo. Muulize aliyenihamisha."

"Na kama wewe ndiye uliyefuta, kwa kuogopa?"

"Binamu yangu alikuwa juu ya daraja lile, Inspekta. Niogope nini tena?"

Mkuu, Mhandisi Ghananath Upreti, aliagiza chai ya maziwa na kumvutia mgeni kiti mwenyewe.

"Mdogo wangu, huyu binti ni msahaulifu, nisamehe kwa kumlea. Mimi jedwali lile siligusi. Nina kazi za watu wazima."

Rijana aliondoka na nakala ya jedwali. Hakulisoma kwa macho. Macho ya wasomi kumi na mmoja yalikwisha kudanganyika. Aliandika programu fupi. Programu ile haikujali rangi wala mistari wala upande maandishi yalikoegemea. Ilipita kisanduku baada ya kisanduku, ikabisha hodi, ikauliza: ndani yako kuna nini hasa?

Majibu yakaanza kushuka kwenye kioo. Tarehe za Kharkhola: neno, neno, neno. Baisakh yote, Jeth yote, Asar mpaka tarehe ishirini. Kisha, bila kelele: namba. Namba, namba, namba, mpaka mwisho.

Kuanzia Asar ishirini na moja tarehe zilikuwa zimeandikwa upya na mkono mwingine. Kompyuta haiijui kalenda yetu. Ukiiandikia Asar, mwezi wetu wa tatu, inadhani ni Machi, inaigeuza tarehe kuwa hesabu ya siku, elfu sitini na sita na kitu, kisha inaivika tena nguo ya tarehe. Ukitanguliza ritifaa, alama kama ile ya ng'ambo, inakuachia neno lako kama lilivyo. Juu ya karatasi ni mapacha. Ndani, mmoja ni sauti ya mtu na mwingine ni pumzi ya mashine. Alihisi kama anayeweka sikio kwenye ukuta na kusikia ukuta unataja jina.

Akatazama tena. Asar thelathini na moja, namba. Saun mosi, namba inayofuata, hakuna pengo. Machi ya mashine huishia thelathini na moja. Lakini Asar ya mwaka ule ilikuwa na siku thelathini na mbili.

Alhamisi, saa nne, aliwaketisha wote wawili mbele ya kompyuta tupu.

"Nahitaji mfano tu. Tarehe kutoka Asar ishirini na tisa mpaka Saun pili. Karani kwanza."

Bishnumaya aligonga ritifaa, akaandika. Ritifaa, akaandika. Mistari sita.

"Kwa nini ile alama?"

"Bila hiyo mashine inakataa thelathini na mbili. Nilijifunza mwaka wa kwanza."

"Mheshimiwa?"

Upreti aliandika mbili za mwanzo bila ritifaa, akakamata pembe ya kisanduku kwa kipanya, akaivuta chini kwa madaha, mashine ikajaza zilizobaki. "Hivi ndivyo wanavyofanya watu wenye akili."

Bishnumaya aliinama kuangalia. "Mkuu, umekula siku."

"Siku gani?"

"Ile aliyopiga simu Tilbikram."

 Upreti alihesabu mistari yake kwa kidole: mitano.

"Jedwali la Kharkhola nalo limekula siku ile ile. Simu zake za kabla ulizisoma," Rijana akasema. "Ya mwisho pia."

"Naibu waziri alikuwa avuke Saun mosi, mchana. Picha zilikwisha kupangwa. Ningefunga daraja nililoandika mwenyewe kwamba ni imara? Kathmandu cheo kilikuwa kinanisubiri." Akashusha sauti. "Nilidhani litashika siku moja tu."

Ijumaa Tilbikram alitoka gerezani. Aliomba kitu kimoja: apelekwe mtoni, mmoja hajapatikana.

Umefurahi? Usifurahi. Usiku ule Rijana aliiachia programu jedwali zima. Neno, neno, neno, kisha kwenye Daraja la Simle: namba. Ukurasa mzima, mpaka jana. Mlinzi wa Simle anasema amepiga simu. Ofisi inasema Salama.

Leo ni siku ya soko Simle. Watu wameshajitwika mizigo. Usiipitishe habari hii kwa kidole kutafuta kriketi. Weka kikombe chini, mpigie kila unayemjua ng'ambo ya mto, nenda langoni, tandaza mikono. Wakikucheka, simama.