Seva Ilipomtaja Sikudhani

JUMATANO, SAA 9:20 ALASIRI. MASASI.

Mchongo ulipangwa chumba cha nyuma cha steshenari ya Sikudhani, kati ya katoni za karatasi na mashine ya fotokopi iliyokufa tangu mwaka juzi. Watu watatu. Sahani moja ya ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa komeo, na nje pamebandikwa kikaratasi kisemacho "Tumeenda kuswali," ingawa kati ya wale watatu hakuna aliyekuwa na mpango wa kumwomba Mungu lolote siku ile.

Ladislaus ndiye aliyeongea. Alikuwa karani wa ghala la Chiumo, kule Newala, mpaka mwezi wa nne walipomtimua. Walimnyang'anya funguo, wakamnyang'anya kitambulisho. Nywila ya jina la tovuti yao hawakukumbuka kumnyang'anya.

"Tani thelathini," alisema. "Korosho ziko kwenye magunia, mnada umeshapita, wakulima wameshachukua chao. Anayeumia ni tajiri wa mbali. Mrisho anaingia na lori, anatoa kibali. Ila Mzee Alfredi, mlinzi, hafungui ghala kwa karatasi. Anafungua tovuti ya kampuni, anaingiza namba ya kibali. Tovuti ikikubali, mnapakia. Ikikataa, anapuliza filimbi."

"Na itakataa," alisema Mrisho. Dereva, mtu wa Kitangari, shingo nene, maneno ya kuhesabu.

"Yao itakataa. Yetu itakubali."

Akaeleza. Kila jina la tovuti lina seva inayojibu mahali ilipo. Ladislaus alishakodi seva nje ya nchi, akaweka humo ukurasa uliofanana na wa kampuni mpaka nembo. Kesho angeingia kwa nywila yake ya zamani na kuligeuza jina la ghala lielekee huko. Shida ilikuwa moja tu: mtandao una kumbukumbu. Kampuni ya simu inayolihudumia ghala huwa imekariri jibu la zamani, na huling'ang'ania kwa muda unaofika saa nzima. Lori likiwahi, mzee ataona ukurasa wa kweli. Likichelewa, saa sita ofisi ya Masasi itaingia kwenye tovuti kuweka bei za mnada, na mambo yatalipuka.

"Tutajuaje kama imesahau?" Mrisho aliuliza.

"Siku atatuambia." Ladislaus alimwonyesha Sikudhani kwa kidole.

Sikudhani alikuwa na amri moja ya kompyuta aliyoipenda kuliko programu zote zenye picha na rangi. Dig. Unafungua dirisha jeusi, unaandika neno hilo, unataja seva unayotaka kuihoji na jina unalolitafuta. Seva inajibu pale pale, maneno makavu, haina salamu. Inakupa jibu, na pembeni inakuandikia sekunde zilizobaki kabla haijalisahau. Miaka minane ya kufungua na kufunga duka lile, hakuwahi kuona seva ikimwambia mtu maneno ya kumfurahisha.

"Mimi sigusi kitu," alisema. "Nywila siijui, ukurasa siuandiki. Nauliza tu. Na jina langu lisionekane popote, Ladi. Popote."

"Mke wangu, jina lako nitalitaja kanisani tu."

Mrisho alicheka huku ming'oko imemjaa mdomoni. Sikudhani naye alicheka. Lakini hakuwa anatania. Mwanamke yule hakuwa na shamba wala nyumba. Alikuwa na jina. Walimu wa shule tatu walimletea mitihani achape, na hakuna swali hata moja lililowahi kuvuja. Jina hilo likichafuka, duka limekufa, na yeye yuko ndani.

Basi kwa nini alikubali? Kwa mapenzi, kwa mchumba wake Ladi. Tusimtafutie sababu nyingine.

ALHAMISI, SAA 3:05 ASUBUHI.

Ujumbe wa Ladislaus ulikuwa neno moja: "Nimegeuza."

Sikudhani alichomeka modemu ya mtandao uleule unaotumiwa na ghala. Akaandika dig, akaitaja seva ya kampuni ya simu, akaandika jina la ghala. Jibu likarudi kabla hajainua kidole. Anwani ya zamani. Sekunde 3,120.

Akapiga simu. "Bado inakumbuka. Dakika hamsini na mbili."

"Sawa." Ladislaus alikuwa kwenye gari dogo la kijivu, hatua mia moja kutoka geti la ghala. "Mrisho kapaki barabara ya Kitangari. Hatusogei mpaka useme."

"Msisogee."

SAA 3:31.

Sekunde 1,560. Anwani ileile.

Mwalimu mmoja alichungulia na bahasha mkononi. Sikudhani alimwamkia, akamdanganya kwamba umeme unasumbua, arudi saa saba. Mwalimu aliitikia marahaba, akaiacha bahasha juu ya kaunta bila hata kuifunga. Ndivyo walivyomwamini.

Kisha likamjia wazo, maana akili ya fundi haitulii. Barua pepe. Jina la ghala limegeuzwa, na barua za kampuni je, zinakwenda wapi? Zikikwama tangu asubuhi, ofisi itashtuka kabla ya saa sita. Ladislaus alikumbuka kuziwekea njia?

Akaihoji seva ile mpya, ya kukodi. Safari hii hakuuliza tovuti iko wapi. Aliuliza barua zipokelewe wapi.

Seva ikajibu kwamba majibu ni sifuri. Ladislaus alikuwa amesahau. Sikudhani akasonya, akashika simu amgombeze, ndipo macho yake yakateremka mistari miwili chini.

Seva za majina zina desturi yao. Ukiziuliza kitu zisichonacho, hazinyamazi tu. Zinakuambia hakuna, halafu zinakutajia ni nani mwenye dhamana ya jina hilo, ukitaka ukamwone yeye. Sikudhani hakuwa ameliuliza hilo. Aliletewa.

Mwenye dhamana, seva ilisema, ni sikudhani.sikusteshenari.co.tz.

Aliusoma mstari ule mara tatu. Mahali pale alama ya barua pepe haiandikwi. Huwekwa nukta badala yake. Ni kitu kidogo ambacho watu wengi hawakijui. Ladislaus alikijua kwa sababu Sikudhani ndiye aliyemfundisha, jioni baada ya kufunga duka, wamekaa kiti kimoja. Ilikuwa barua pepe ya Sikudhani. Ile aliyoiandika kwenye kibao cha duka.

Kesho kampuni ikiita fundi wake, naye akihoji seva kama alivyohoji yeye, jibu litakuwa hilo hilo. Polisi hawatahitaji kumtafuta mtu. Anwani imeshaandikwa.

Baada ya jina kulikuwa na tarakimu kumi: 2024102001. Hiyo ni namba ya toleo, na mafundi wana mazoea ya kuiandika kwa tarehe ya siku kazi ilipofanywa. Mwaka, mwezi, siku, kisha mara ya ngapi. Hilo pia Sikudhani ndiye aliyemfundisha. Alimwambia, fundi mzuri habahatishi, anaandika siku ileile. Na mwanafunzi wake alikuwa ametii.

Tarehe ishirini Oktoba. Jumapili.

Jumapili ile Ladislaus alikwenda Chilangala na mjomba wake, nyumbani kwa mama yake Sikudhani, kupeleka barua ya posa. Mama alichinja jogoo. Maji ya wageni kunawa aliyafuata mwenyewe na ndoo kichwani, akakataa kabisa kusaidiwa. Baada ya kula, Ladislaus alimwambia Sikudhani, "Nipe kompyuta yako nijibu barua moja ya kazi." Akaenda kukaa nayo barazani nusu saa. Sikudhani alimpelekea chai. Alimkuta anaandika kwa bidii, akamwonea fahari, akarudi jikoni kwa kunyata asimsumbue.

Kwenye kompyuta yake. Kwa laini yake ya simu. Barazani kwa mama yake. Mtu alikuwa anamchumbia na kumchoma kwa wakati mmoja, na chai akanywa.

Machozi hayakuja. Ilikuja hasira, na nyuma ya hasira aibu, na aibu ndiyo iliyouma zaidi.

SAA 3:40.

"Ladi. Nakuuliza kitu kimoja. Jina langu umeliweka mahali?"

"Jina gani? Siku, tuko kazini."

"Nijibu."

"Halipo popote. Nilikuahidi." Sauti ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo. "Umeanza kuogopa? Vumilia kidogo, mke wangu. Leo jioni tuko pamoja."

Alikata. Akampigia Mrisho.

"Mkishapakia mnapita njia gani?"

"Tandahimba, tunashuka Mtwara."

"Na Masasi nani anakuja kunichukua?"

Injini ya lori ilisikika ikinguruma.

"Dada Siku," Mrisho alisema taratibu, "Ladi kaniambia wewe unabaki. Kasema mmeelewana, kuna mtu lazima abaki. Nilidhani unajua."

"Ulidhani."

"Mimi dereva tu, dada. Nisamehe."

SAA 3:46.

Sekunde 660. Anwani ya zamani. Kampuni ya simu bado ilikuwa inaukumbuka ukurasa wa kweli, na ingeukumbuka kwa dakika kumi na moja zaidi.

Sikudhani alikitazama kishale kikipepesa kwenye dirisha jeusi. Katika mchongo mzima kazi yake ilikuwa kusema kile seva ilichosema. Hawakuwa na njia nyingine ya kujua. Kwa dakika kumi na moja, lori, korosho na wanaume wawili walikuwa kwenye ulimi wake.

Akampigia Ladislaus.

"Tayari," alisema. "Imesahau. Ingieni."

"Una uhakika?"

"Lini nimekudanganya?"

Hakukata simu. Ladislaus naye hakukata, alitaka wawe wote hewani mpaka mwisho. Akawa anamsimulia kwa kunong'ona. Lori limefika getini. Mrisho kashuka, kamwamkia mzee. Kibali kimepokelewa. Mzee kaingia ofisini, kavaa miwani.

"Anaandika namba," Ladislaus alisema.

Sikudhani alishika ukingo wa meza.

Filimbi ilipulizwa mara moja, ndefu, hata yeye Masasi aliisikia. Kisha vishindo, bawaba za geti zikilia, mtu akipiga kelele kwa Kimakonde. Gari dogo liliwashwa. Likasimama. Magari yaliyokuja kupakia mizigo yao yalikuwa yamejipanga nyuma, moja likiwa limekaa kati ya njia, na dereva wake alikwenda kutafuta chapati.

"Siku! Umesema tayari! Siku!"

"Nimeona jina langu, Ladi. Na tarehe nimeiona."

Kilisikika kioo kikivunjika, halafu sauti ya mgambo ikimwamuru alale chini.

SAA 3:57.

Alihoji mara ya mwisho, kwa mazoea tu. Kampuni ya simu ilikuwa imesahau. Jibu lilikuwa jipya, safi, la kule kwenye seva ya kukodi. Ladislaus angesubiri dakika zake, angekuwa anapakia.

Angeweza kukimbia. Basi la Tunduru lilikuwa stendi. Badala yake aliuchapisha ule mstari kwenye karatasi, akaipigia mstari tarehe kwa kalamu nyekundu. Siku ile kompyuta haikuwa mikononi mwake. Kulikuwa na shahidi. Aliufungia mtihani wa mwalimu kwenye droo, akakaa kuwasubiri.

SAA 8:10 MCHANA. KITUO CHA POLISI.

Sajenti Yasinta alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na upole wake ndio uliokuwa unatisha. Mbele yake kulikuwa na kompyuta ya Sikudhani na karatasi mbili: ile ya Sikudhani, na maelezo ya Ladislaus yaliyopokelewa kwa simu kutoka Newala. Ladislaus alikuwa ameeleza yote. Mpango wa Sikudhani, seva ya Sikudhani, yeye alikokotwa na mapenzi.

"Tarehe ishirini Oktoba kompyuta hii ilikuwa wapi?"

"Chilangala. Kwa mama."

"Nani aliitumia?"

"Yeye. Ladislaus. Barazani, nusu saa nzima. Mama alikuwepo, alimwona. Muulize."

"Nitamuuliza mbele yako. Lakini ukifungua mdomo, simu naikata na ushahidi wako umekwisha."

Sikudhani aliitaja namba. Moyo ulimpungukia uzito kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mama hakuwa mtu wa uongo.

Simu iliwekwa katikati ya meza, sauti ya juu.

"Shikamoo mama. Ni Mama Sikudhani?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Sajenti Yasinta, wa polisi Masasi."

Kuku walisikika. "Siku wangu kapatwa na nini?"

"Siku hajambo, mama. Namuulizia Ladislaus."

"Mkwe wangu? Kafanya nini?"

"Nataka kujua jambo dogo. Jumapili ile alipokuja na mjomba wake, alishika kompyuta? Alikaa nayo mahali, akaandika?"

Kimya kikawa kirefu. Sikudhani alikijua kimya kile. Alimwona mama yake kama yuko mbele yake, amesimama uani, anapima maneno. Polisi wanamuulizia mkwe. Mume mtarajiwa wa mwanawe wa pekee. Barua ya posa iko ndani, imefungwa kwenye kitambaa, na wajomba wameshaarifiwa. Mama wa kweli angefanyaje?

Sikudhani alitikisa kichwa, midomo imebana. Sajenti aliinua kidole.

"Hapana, afande," mama alisema, na sauti yake ilikuwa thabiti. "Kijana yule ana adabu. Mkwe atashikaje vitu vya watu siku ya posa? Alikaa mkekani na mimi na mjomba wake mpaka walipoaga. Kompyuta ni ya Siku. Siku mwenyewe ndiye aliyekuwa nayo, kutwa nzima."

"Mama!" Sikudhani alipiga kelele, lakini kiganja cha sajenti kilikuwa kimeshaifunika simu.

"Una uhakika, mama?"

"Hata kuapa naapa. Kama kuna kosa lolote, afande, mkwe wangu hayumo."

Sajenti Yasinta alimshukuru, akamtakia mchana mwema, akakata simu. Kisha akavuta kalamu na kuanza kuandika.