Dawa ya Tumbo la Mundhir

Kila Jumamosi asubuhi, Rayya alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akachukua kikapu kwenda soko la Matrah. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Baba aliendesha lori la mizigo la kwenda Salala, akirudi nyumbani mara mbili tu kwa mwezi. Mama naye alikuwa na Mundhir, mtoto wa miezi mitano, ambaye tumbo lilimsokota mchana kutwa mpaka sauti ikamkauka kwa kulia.

"Nenda kwa Mzee Sulayim, muuza dawa za miti," Mama alimwambia Jumamosi moja. "Mwambie unataka dawa ya tumbo la mtoto mchanga. Yeye anajua. Na usizurure huko, Rayya. Wakishafunga adhuhuri, ndiyo mpaka alasiri."

"Sawa, Mama. Nakwenda na kurudi."

Lakini njiani alikutana na shoga yake Bushra, na wawili hao wakiwa pamoja, saa zilikimbia. Walipapasa vitambaa, wakaonjeshwa halua ya moto, kisha wakaingia kwenye uchochoro wa vikuku. Mwenye duka, mama mmoja mwenye moyo mwema, aliwapa maji ya baridi na kuwaacha wajipambe mpaka viwikoni.

"Jipimeni, wanangu. Kutazama si kununua."

"Bibi harusi huyo!" Bushra alicheka. "Bwana harusi ni nani? Yule muuza samaki?"

"Heri yangu muuza samaki. Wewe utaolewa na mbuzi wake!"

Adhana ya adhuhuri iliwakuta papo hapo. Walikimbia, lakini walipofika kwa Mzee Sulayim, mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo na uchochoro mzima ulikuwa kimya.

"Nimekwisha," Rayya alisema. "Mama atanichuna ngozi."

Pale kwenye kona, mtu asiyemjua alikuwa ameketi juu ya gunia. Mbele yake alipanga vijaluba vya unga wa rangi ya chungwa.

"Unatafuta nini, binti?"

"Dawa ya tumbo la mtoto."

"Basi umefika. Mlambishe kidogo kwa ncha ya kidole, atalala fofofo."

Bushra alimvuta mkono. "Wewe! Si umeambiwa kwa mzee?"

"Dawa ni dawa. Nikirudi mikono mitupu, utagombezwa wewe?"

Nyumbani, Mama aliunusa ule unga. "Ya Mzee Sulayim hii?"

"Ndiyo, Mama," Rayya alijibu.

Na Mundhir alinyamaza kweli. Mama alimwombea dua Mzee Sulayim, akawa anamlambisha mtoto asubuhi na jioni. Wiki ya pili, mtoto akaacha kucheka. Wiki ya tatu, akaanza kutapika, akakataa ziwa, macho yake yakawa yanatazama bila kuona. Siku ya Jumatatu asubuhi, Mama alipokuwa akimwogesha, mwili wake ulikakamaa, mikono ikaanza kutetemeka, midomo ikageuka rangi ya kijivu.

Jirani yao, Mzee Rashad, aliacha chai yake mezani, akawapeleka hospitali kwa gari lake.

"Amepewa dawa yoyote ya kienyeji?" aliuliza Daktari Intisar.

"Ya Mzee Sulayim tu," Mama alijibu. "Mimi mwenyewe nimelelewa kwa dawa zake."

"Huyo namjua, hauzi kitu kibaya." Daktari akageukia wauguzi. "Basi tutafute kwingine. Huenda ni homa ya uti wa mgongo. Leteni sindano."

Rayya alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Aliona sindano ndefu. Aliona mgongo mdogo wa ndugu yake ukipanguswa kwa pamba. Akaelewa kwamba wakubwa wote humo chumbani walikuwa wakienda njia isiyo sahihi, na aliyewaelekeza huko ni yeye. Mama asingempenda tena. Mundhir akaanza kutetemeka upya.

"Si ya Mzee Sulayim," Rayya alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nilichelewa, nikakuta amefunga. Nikanunua kwa mtu wa kwenye kona. Unga wa rangi ya chungwa. Nilimdanganya Mama."

Mama alimtazama tu, na Rayya angependa zaidi kama angepigwa.

Daktari aliinama mpaka nyuso zao zikalingana. "Umebaki huo unga?"

"Upo jikoni, kwenye kopo la chumvi."

Mzee Rashad alikuwa ameshatoka mbio.

Unga ule ulikuwa na risasi, madini yale yanayotiwa kwenye betri za magari. Damu ya Mundhir nayo ilikutwa na sumu hiyo. Alilazwa siku kumi na nane, akitiwa dawa ya kuitoa mwilini. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimpa Mama shuka lake wakati wa baridi, akajifunika kwa shela.

"Ataishi," Daktari alisema mwishoni. "Lakini sumu imefika kwenye ubongo. Atachelewa kukaa, atachelewa kusema. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidini."

Siku waliyotoka, Mama alimpeleka Rayya moja kwa moja kwa Mzee Sulayim. "Mwambie mwenyewe," alisema.

Rayya alieleza yote huku akilia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kitambaa afute machozi. Kisha akafunga duka, ingawa adhuhuri ilikuwa mbali, wakapita pamoja duka kwa duka wakiwaonya watu. Yule mtu wa kwenye kona alikuwa ameshahama. Kina mama watatu walishika vifua, wakarudi mbio makwao kwenda kuutupa unga wake.

Ndipo mzee aliposema, "Binti yangu, kuchelewa sokoni ni jambo la watoto wote. Ungerudi mikono mitupu, mama yako angekugombeza mpaka alasiri, halafu angekupakulia chakula. Kugombezwa hakuui mtu. Ukikosea, lilete kosa lako nyumbani kama lilivyo, ulitue mbele ya wakubwa. Kosa tunaweza kukusaidia kulibeba. Uongo hatuwezi, maana hatujui kama upo."

Rayya aliitikia kwa kichwa. Alimwendea Mama, akanyoosha mikono. Mama alisita kidogo, kisha akampa Mundhir, naye akambeba polepole mpaka nyumbani.